Hamsini na Mbili

Bwana Geddes, hatukuwahi kuonana.
Nilipewa funguo zako ndani ya bahasha,
kipimajoto chenye betri iliyovuja, daftari,
na makazi haya ya wazee hapa Dundee:
ghorofa tatu, ngazi zinazonuka dawa ya sakafu,
mabomba mia moja na sita.

Jumatatu ni maji.
Nafungulia ya moto, nahesabu dakika nzima,
ya baridi mbili, nimewapa mgongo wenyeji
wanaonisimulia magoti yao.
Chumba cha kumi na nne hakina mtu tangu Agosti.
Huko ndiko maji hulala, na maji yaliyolala
vuguvugu, gizani, ndani ya shaba,
hufuga kisichoonekana, kinachopanda na mvuke
kikaingia kifuani mwa mtu anayeoga akiimba.
Basi nayaamsha, yaende dakika tano,
nami nimeketi kwenye godoro tupu
kama mgeni aliyefika matanga yameshaanuliwa.

Jumatano saa nne asubuhi, kengele ya moto.
Kila wiki kisanduku kingine, ufunguo mdogo ubavuni,
na jengo zima linapiga ukelele.
Hakimbii mtu. Bwana Ogilvie hurekebisha saa yake.
Effie Cargill wa chumba cha saba,
aliyezibwa masikio na mashine za kufumia magunia
angali msichana,
huninyooshea kidole gumba mlangoni:
"Mto umetetemeka!"
Siku ya kwanza nilichungulia dirishani, nikautazama Tay.
Kumbe ni ule wa kichwani,
wenye kidude kinachomtikisa kengele ikilia.

Alhamisi, umeme.
Blanketi lake la stima lilikuwa na waya uchi,
umeungua pale unapojikunja.
"Ndilo lililonipasha tangu Wattie afe," alisema.
Nikakata plagi mbele yake. Kibandiko chekundu.
Nikatoka nalo kwapani kama mwizi wa mchana.

Sasa nikuulize.
Januari, chumba cha kumi na nne: hamsini na mbili.
Februari, hamsini na mbili.
Wiki ile theluji ilipofunga barabara
na wewe, wanasema, ulikuwa kwa dada yako Arbroath,
hamsini na mbili.
Kalamu ileile, mwinamo uleule,
wiki sita zilizoandikwa kwa kikombe kimoja cha chai.
Maji hayako hivyo, bwana. Maji yana siku zake.

Jana nilitia kipimajoto pale pale.
Arobaini na tatu.
Nikafuta kioo kwa shati, nikarudia.
Arobaini na tatu.
Hapo nilikutukana, kwa sauti, chumba kitupu kikinisikia.
Niliwaza ni nani alikuwa akioga humu hadi Agosti,
na cheti kilisema nini, na kama ni haki kuuliza.

Kisha nikafungua kurasa za mwisho,
zile zisizokaguliwa na yeyote.
Nakala ya barua, kwa penseli:
*Naomba msaidizi. Goti limekataa ngazi za chini.*
Ya pili: *Naomba tena.*
Ya tatu haina maneno, ni tarehe tu
na jina la ofisi.

Ngazi za chini nimezihesabu. Ishirini na tatu, hazina mkono.
Vali ilikuwa imefungwa nusu, imeota kutu,
niliizungusha kwa mikono miwili na tusi moja
ambalo halikuwa lako.

Sijui nikuweke wapi.
Nimeandika arobaini na tatu, kwa wino mwekundu,
nimepiga simu ofisini, wamesema watanipigia.
Chumba cha kumi na nne anahamia mtu Jumamosi,
mwanamke kutoka Montrose, mwenye kikohozi.
Nimemwambia msimamizi: bado.
Amenitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Saa tisa nitarudi juu na kipimajoto.
Sitakisia.
Effie ananingoja ngazini, shali mabegani,
anataka kujua blanketi lake limezikwa wapi.